Springi Isiyopita Motoni

Tulimwacha fundi Mizani chali chini ya jipu, kokoto zinamchoma mgongoni, macho yamegandia kwenye chuma. Kwetu sisi wiki nzima imepita, msomaji. Kwake yeye hata pumzi haijapita.

Juu ya uso wake ilikuwapo springi ya nyuma, upande wa kushoto. Rangi nyeusi iliyopakwa nzito ilikuwa imebanduka kwa kusuguana, na palipobanduka palionekana nukta mbili, na chini ya nukta hizo mstari mfupi uliochongwa kwa patasi.

Alama hiyo aliipiga yeye mwenyewe kwenye springi mbili za gari lao, siku alipokuwa bado bwana harusi mpya. Alimwambia mkewe: nukta hii ni wewe, hii ni mimi, na mstari ni gari linalotubeba. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mizani hakuwahi kuipiga alama ile kwenye chuma kingine chochote.

Na mkewe alifia ndani ya gari hilo. Liligongana na lori la mafuta, likaungua. Mizani aliambiwa haikubaki hata boliti ya kuokota.

Basi springi hii ilitoka wapi?

"Fundi," Mkunga aliita kutoka juu. "Umelala au umekufa? Niambie, nijue kama nilete mto au sanda."

Mizani alikuwa ameona jambo la pili.

Springi aliyokuwa akiitazama ni ile mafundi wanayoiita helpa. Ni springi fupi inayofungwa juu ya springi ya kawaida ili kuisaidia. Gari likiwa tupu, helpa haina kazi. Inakaa tu, imeacha upenyo wa kidole. Mzigo ukipanda ndipo gari linapokaa, upenyo unazibika, na helpa inapokea uzito.

Jipu lilikuwa tupu. Mkunga alikuwa amesimama barabarani, Mizani yuko chini ya gari. Nyuma hapakuwa na pipa wala kikapu.

Helpa ya kulia ilikuwa na upenyo wake, kidole kilipita. Ya kushoto, hata unyoya usingepita. Ilikuwa imebeba mtu.

Alipotoka chini ya gari, uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Mkunga alimtazama, akaacha utani. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono minene na sauti ya kuamrisha, aliyezalisha nusu ya watu wa vilima vile. Jipu kuukuu lilikuwa lake. Alilipenda na kulitukana kwa pamoja. Alisema limepewa jina linalolifaa, maana halikaliki. Alilitumia kubebea vitanda vya kujifungulia, mapipa ya maji na wajawazito, na mzigo ulipozidi mkia ulikwangua barabara. Ndiyo maana alifungiwa helpa na fundi mwingine.

Tangu afungiwe, alikuwa amemsimulia Mizani, kila akirudi bila mzigo na kufika kwenye kona hii ya mteremko, gari hukaa nyuma kushoto, taratibu, kama mtu amepanda. Siku za kwanza aliomba dua mpaka ulimi ukakauka. Baadaye alizoea. Sasa humkaribisha mgeni wake, akamwambia asogee ndani asije akaanguka.

"Unamwita nani?" Mizani alimuuliza sasa.

"Mama. Namwambia, karibu mama."

"Umejuaje kuwa ni mama?"

"Fundi, mimi nimeshika uzito wa wanawake maisha yangu yote. Mwanamume hakai hivi."

Mizani aliomba warudi karakana. Njiani aliuliza springi zile zilinunuliwa wapi. Mkunga alimjibu kuwa alizinunua kwa Mama Chakavu, yule muuza vyuma vikuukuu nyuma ya soko la mbao. Alizikuta zimepakwa rangi, zinang'aa, akaona amepata za bure.

Karakana ya Mizani ilikuwa ua wa mabati wenye shimo la kukagulia magari na vumbi la mbao lililomwagwa kunyonya oili. Majani ya springi yalitundikwa ukutani kama pembe. Watu walimwita Mizani kwa sababu gari halikutoka pale limeinama, hata kwa upana wa ukucha. Alichechemea mguu mmoja. Mwaka ule wa msiba jeki ilimponyoka, gari likamvunja paja, na habari za mkewe zilimkuta hospitali, mguu umening'inizwa kwenye plasta.

Aliliinua jipu kwa jeki, akalikalisha kwenye magogo, akavua tairi. Kwanza alitafuta sababu ya kawaida, kama fundi yeyote mwenye akili timamu. Alikagua bushi zote. Zilikuwa nzima. Shokapu zilikuwa nzima. Pini hazikukwama, wala hakuna jani lililopasuka. Angefurahi sana kukuta kitu kimekatika. Kilichokatika kina dawa.

Basi akamwagia nati mafuta ya taa, akalegeza yubolti zinazozifunga springi, akazitoa helpa zote mbili. Alizisugua kwa brashi ya waya mpaka rangi ikatoka yote. Ya kulia nayo ilikuwa na nukta mbili na mstari.

Mkunga alikuwa amekaa juu ya tairi, mkoba wake mapajani. Hakuharakisha mtu. Kazi yake ilimfundisha kungoja.

Mizani aliining'iniza helpa moja kwa waya kwenye boriti, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ililia kama kengele ya shule, sauti ikazunguka uani na kukawia kufa. Akaibana kwenye jiliwa, akachomeka bomba refu, akaivuta kwa uzito wake wote. Ilipinda. Alipoiachia, ilirudi kwenye mkunjo wake kama upinde.

Akaweka bomba chini, akakaa sakafuni.

Alimweleza Mkunga polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Springi hupewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ikiungua tena ovyo, kwenye moto mkubwa, kisha ipoe yenyewe, ugumu ule hutoka na haurudi. Ukiigonga hulia kama kopo lililojaa udongo. Ukiipinda, inabaki imepinda. Springi iliyoungua na gari ni maiti. Hizi zilikuwa hai. Hazikuwahi kuona moto hata wa jiko.

Mkunga akauliza lile ambalo Mizani alikuwa akilikimbia tangu barabarani.

"Kama gari halikuungua, fundi, mlizika nini?"

Mizani hakujua. Alikuwa kitandani. Aliyekwenda kuitambua maiti ni shemeji yake, kaka wa marehemu, ambaye ni seremala. Yeye ndiye aliyetengeneza jeneza kwa mikono yake, akalipigilia misumari, akarudi nalo limefungwa. Alimsihi Mizani asilifungue. Alisema amkumbuke dada yake alivyokuwa, si alivyobaki. Mizani aliletwa makaburini kwa machela, akatupa udongo wake akiwa amelala.

Tangu siku hiyo alikwenda pale kila wiki. Alipalilia. Alimpa mkewe habari za mtaani, gari lipi limekuja, nani ameoa, bati la nani limeng'olewa na upepo. Mengine aliyosema pale hakumwambia Mkunga, nasi tumwachie.

Walikwenda kwanza kwa Mama Chakavu. Aliwapokea akiwa juu ya lundo la vyuma, njiti ya kiberiti mdomoni, na alipoziona helpa alidhani zinarudishwa, akaanza kujitetea. Mkunga alimtuliza. Walitaka kujua tu zilitoka kwenye gari gani.

Mama Chakavu alilikumbuka vizuri. Lilikuja zima, linatembea kwa magurudumu yake, viti havina hata doa. Yeye mwenyewe alisikitika kulikata, lakini aliyelileta hakutaka liuzwe likiwa zima. Alitaka likatwe mbele ya macho yake. Kisha, kabla ya kukatwa, aliomba akae ndani kidogo. Alikaa kiti cha abiria, akafunga mlango, akainamisha kichwa. Wauzaji wengi huwa wanahesabu noti, Mama Chakavu alisema, huyu alilia.

Mizani alimuuliza mtu huyo alikuwaje.

"Mrefu, mkimya. Kidole chake cha shahada kimeishia katikati. Msumeno huo, nikajisemea. Mtu wa mbao."

Hapakuwa na haja ya kuuliza tena.

Waliondoka. Mizani alikaa mbele kushoto, helpa zote mbili zimefungwa kwenye gunia mapajani mwake. Jipu sasa lilibaki na springi zake za kawaida tu, laini, linayumba kama kitanda cha kamba. Barabara ilikuwa tambarare, jua la mchana limesimama juu ya mabati, watu wanapita na shughuli zao.

Mbele ya ghala la nafaka, mahali pasipo na kona wala mteremko, gari likakaa nyuma kushoto.

Lilikaa taratibu, kwa adabu. Mizani alihisi kiti chake kikishuka pamoja nalo. Aligeuka. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Juani, vumbi lililokuwa juu ya benchi halikuguswa.

Mkunga aliushika usukani kwa mikono miwili. Mara hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Karibu mama," alisema. "Leo tunakwenda wote."

Walikwenda hivyo mpaka kwa shemeji. Karakana ya seremala ilikuwa mwisho wa mtaa wa wachonga vitanda, mlango wazi, harufu ya gundi na mbao mbichi imefika barabarani. Mkunga alizima injini. Mizani alikuwa bado anatafuta kitasa cha mlango, gunia limemwelemea, wakati jipu liliponyanyuka nyuma kushoto, polepole, kama mtu ameshuka.

Mkunga alitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Ametangulia," alisema.

Shemeji alikuwa anapiga randa ubao wa kichwani wa kitanda. Aliwaona, akatabasamu, akaanza salamu, habari za nyumbani, habari za mguu. Mizani alisogea benchini. Alilifungua gunia na kuziweka helpa mbili juu ya benchi, katikati ya maranda.

Salamu zikakatika. Seremala alizitazama springi, akaitazama ile alama, akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na uchafu.

"Hazijaungua," Mizani alisema.

"Najua."

"Ulinipa nini nikazika, shemeji?"

"Mchanga." Alijibu bila kupepesa, kama mtu aliyetua mzigo uliomkata mabega. "Mchanga na mawe kidogo, ulingane na uzito wake. Nilijua wewe utagundua ukipungua."

Wako watu ambao wangemrukia. Mizani alishika ukingo wa benchi, akaushika mpaka kucha zikawa nyeupe. Mchanga. Alikuwa ameupalilia mchanga. Aliusimulia mchanga kuhusu mabati na harusi. Alihisi aibu kwanza, hasira zikaja nyuma, na nyuma ya hasira kikaja kitu alichokiogopa zaidi ya vyote, nacho ni tumaini.

Seremala akaeleza, macho sakafuni. Siku moja, Mizani akiwa hospitali, dada yake alimjia akitetemeka, anatazama nyuma kila hatua mbili. Alisema kuna mtu anamfuata. Hakutaja jina. Alisema mtu huyo hatachoka kumtafuta maadamu anajua kuwa yu hai. Kaka yake alimsihi aseme ni nani, waende polisi, wamwambie mumewe. Alilia tu. Kisha akasema maneno ambayo seremala hajayasahau hata usingizini.

"Aliniambia, 'Kaka, kama unanipenda, nizike.'"

Basi akamzika. Lori la mafuta lilikuwa limeungua kweli wiki ile, watu wasiotambulika walikuwamo, ikawa rahisi kuongeza mmoja. Gari alilikatisha lisije likaonekana. Yeye akampeleka dada yake mahali pasipotarajiwa, kwa mwanamke mfyatua matofali, nyumba ya pekee juu ya ile kona ya mteremko.

Mkunga, aliyekuwa amesimama kizingitini, aliushika mwimo wa mlango.

"Yuko huko?" Mizani aliuliza. Sauti haikuwa na ugomvi hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Seremala aliacha benchi. Alimpita Mkunga bila kumtazama, akaufunga mlango wa karakana, akashusha komeo. Aliporudi alikuwa ameokota tezo, na macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Unaniuliza mimi," alisema.

Akasema kuwa alikaa miezi bila kwenda kumwona dada yake, kwa kuogopa kufuatwa. Alipokwenda alikuta chumba kitupu. Mfyatua matofali alimwambia kuwa mume wa yule mama alikuja kumchukua. Alikuja mchana kweupe, na jipu lililoinuliwa mkia juu kama jogoo, kazi ya helpa kama hizi. Akajitambulisha kwa jina. Alisema anaitwa Mizani. Yule mama alipanda bila kuaga, hakugeuka.

"Mguu wako ulikuwa umepona wakati huo," seremala alisema. "Nilihesabu. Na dada yangu hakuonekana tena. Ningekwenda polisi nikaseme nini? Kwamba dada niliyemzika amepotea? Nimekula nawe, shemeji. Nimekaa nawe makaburini nikikutazama unapalilia, nikijiuliza huyu ana moyo wa namna gani. Niliogopa kukuuliza, maana ukijua najua, ungenimaliza na mimi. Sasa umekuja mwenyewe."

Aliinua tezo.

"Dada yangu ulimpeleka wapi?"

Mizani hakurudi nyuma. Alisema kwamba hajawahi kuingia kwenye nyumba ile tangu azaliwe, na alilisema kwa uchovu, kwa sababu alikwisha kuona haliwezi kuaminika. Angekuwa yeye ndiye mwenye tezo, asingeliamini.

"Siye," Mkunga alisema.

Wote wawili waligeuka. Walikuwa wamemsahau.

Alikuwa bado ameushika mwimo, na yule mwanamke wa amri na utani hakuwapo tena. Alisema kuwa aliitwa kwenye nyumba hiyo, zamani, na mfyatua matofali, akazalishe mgeni aliyejificha. Hakuambiwa jina wala hakuuliza. Katika kazi yake huulizi. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, hata hajaoshwa, waliposikia gari linapanda kilima. Yule mama aliujua mlio wake. Alimfunga mtoto kwenye shuka, akampa yeye Mkunga, akamsukuma atokee dirisha la nyuma, akamwapisha mwenye nyumba asiseme lolote juu ya mtoto.

"Nilijibanza nyuma ya tanuri la matofali," alisema. "Nilimwona mtu aliyejiita Mizani. Alipita hatua chache kutoka nilipokuwa. Siye huyu. Huyu nimemfahamu kwa springi tu, lakini sura ile siwezi kuikosea."

Tezo lilishuka lenyewe mkononi mwa seremala. Mizani alikuwa amekwama kwenye neno moja, anashindwa kulitoa.

"Mtoto," alisema hatimaye.

"Yuko kwangu. Nimemlea kama wangu, mjini wote wanamjua kuwa wangu. Sikujua ni wa nani mpaka sasa hivi, fundi, Mungu ni shahidi." Mkunga aliachia mwimo. "Lakini nisikilize, hilo si la kwanza. Yule mwanamume nimemwona tena. Jana, wakati mtoto anacheza kamba nje. Alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu, akashusha kioo, akamuuliza jirani mtoto yule ni wa nani."